Ericsson T68 ya 2001: kwa nini kioo cha rangi kilichelewa hivyo kufika kwenye simu?

#1 Nukta256
Wakuu, salaam. Kuna jambo linanikera siku nyingi, leo nalimwaga hapa.

Ericsson T68 iliingia sokoni 2001. Gramu 84, antena imefichwa ndani, Bluetooth ipo, infraredi ipo, GPRS (data ya intaneti isiyopigwa kama simu) ipo, bendi tatu za mtandao wa GSM (900, 1800 na 1900), na kile kijiti cha kusukuma kwa dole gumba katikati. Juu ya yote, kioo cha rangi 256, nukta 101 kwa 80. Ukifungua menyu unapokewa na picha tisa ndogo zilizopangwa tatu tatu. Simu nyingi za mwaka huo zilikuwa bado maandishi meusi juu ya mwanga wa kijani.

Sasa swali. Atari walitoa Lynx mwaka 1989, kidude cha gemu cha kushika mkononi, kioo cha rangi. Laptop za rangi tulizikuta miaka ya 90. Game Boy Color ilitoka 1998. Ujuzi ulikuwepo, na kampuni za simu zilikuwa na hela za kutupa. Nini kilizuia rangi kwenye simu hadi 2001?

Msimamo wangu: betri. Anayebisha aje na sababu, hasira aziache nje.

#2 mpita_njia
Nimeshavuta kigoda. Endeleeni.

#3 Antena_Nje
Mleta uzi umeteleza mlangoni kabla hujaingia. Siemens S10 ilitoka 1998 na kioo chake kilikuwa cha rangi. Nyekundu, kijani, bluu na nyeupe. Nukta 97 kwa 54. Yaani miaka mitatu kabla ya hiyo T68 yako.

#4 BiBatani
@Antena_Nje rangi nne? Hizo ni kalamu za mwalimu wa kusahihisha madaftari. Huwezi kuweka picha ya mtu kwa rangi nne.

#5 Antena_Nje
Sikusema uweke picha ya mtu. Nimesema kioo kilikuwa na rangi zaidi ya moja na kilikuwa kwenye simu ya mkononi ya GSM. Kama masharti ni picha za watu, mleta uzi angeandika.

#6 Sanduku_la_Osaka
Mnabishana kuhusu Ulaya wakati Wajapani walishamaliza. NTT DoCoMo, kampuni ya simu ya kule, walizindua i-mode (kurasa za intaneti kwenye simu) Februari 1999, na kwenye simu za mfululizo wa 502i kukawa na za kioo cha rangi 256. Kabla ya hapo, Mei 1999, Kyocera walitoa VP-210, ina kamera mbele ya uso na kioo cha rangi, unapiga simu mnaonana, picha mbili hivi kwa sekunde. Novemba 2000 Sharp wakatoa J-SH04 kwa mtandao wa J-Phone: kamera nyuma, nukta 110,000, kioo cha rangi, unapiga picha na kuituma palepale.

T68 ilipofika 2001 bila kamera, kule wenzetu walishazoea.

#7 Antena_Nje
VP-210 ni PHS, mkuu. Hiyo ni mitambo ya nguvu ndogo, inatoka kwenye ukoo wa simu zisizo na waya za nyumbani. Ukiiingiza kwenye orodha ya simu za mkononi, wengine watakuja na redio za upepo.

#8 Sanduku_la_Osaka
Ina namba, unatembea nayo barabarani, unapiga, unapigiwa. Wewe unaitaje kitu hicho?

#9 Nukta256
Wazee, rudini kwenye reli. Sikuuliza nani wa kwanza, nimeuliza kwa nini wote walichelewa. Hata mkichukua 1998 ya S10 au 1999 ya Japani, bado ni takriban miaka kumi nyuma ya Lynx. Na hakuna aliyegusa betri.

#10 FundiBisibisi
Ngoja niseme mimi niliyefungua vioo vingi kuliko nilivyofungua vitabu.

Kioo cha LCD hakitoi mwanga. Kazi yake ni kuziba na kuachia. Kile cha kijivu kinaridhika na mwanga wowote: wa jua au wa taa ya chumbani, unaingia, unagonga kiakisi nyuma, unarudi machoni. Ukitaka rangi, kila nukta inakatwa vipande vitatu, na juu ya kila kipande unaweka kichujio, chekundu, cha kijani na cha bluu. Kichujio chekundu kinameza kijani na bluu, na wenzake hivyohivyo. Karibu theluthi mbili za mwanga zinaishia hapo, bado hujahesabu zinazoliwa na polaraiza, zile karatasi za kuchuja mwanga ndani ya kioo. Kwa hiyo unahitaji taa nyuma, tena iwe nyeupe. Ukiweka taa ya kijani nyuma ya kichujio chekundu unapata giza.

Haya, taa nyeupe ndogo ya kuingia kwenye simu ingetoka wapi? LED nyekundu na za kijani zilikuwepo tangu zamani. Nyeupe ilikuwa inasubiri bluu kali. Shuji Nakamura wa kampuni ya Nichia aliileta 1993, na 1996 kampuni hiyohiyo ikatoa nyeupe kwa kupaka fosfori ya njano juu ya bluu. Nakamura, Isamu Akasaki na Hiroshi Amano wakapewa Nobeli ya Fizikia 2014 kwa hiyo bluu. Kabla ya hapo ungetumia kijirija cha floresenti kama cha laptop, chenye saketi yake ya kupandisha volti hadi mamia. Lynx ndivyo ilivyokuwa, ndiyo maana ilikuwa inalamba betri sita za AA ndani ya saa nne, tano.

Kwa hiyo jibu langu ni taa. Ushahidi mwingine ni Nokia 8250: ukoo mmoja na 8210, kioo bado si cha rangi, ila mwanga wake ni wa bluu badala ya kijani. Bluu ilipoanza kushikika, wakaanza kuitumia hata pale isipohitajika.

#11 BiBatani
@FundiBisibisi maelezo matamu, ila Game Boy Color haina taa kabisa. Inakwenda kwa betri mbili za AA, na rangi unaziona. Tena juani ndiyo inapendeza zaidi. Sasa taa imekuwaje lazima?

#12 FundiBisibisi
Ulishaicheza usiku umeme umekatika? Huoni kitu. Gemu unaiahirisha hadi asubuhi. Simu ikilia saa nane za usiku unataka kumwona anayepiga sasa hivi, sio kesho.

#13 BiBatani
Basi jibu limekuwa "taa ilikuwa muhimu kwa starehe", sio "haikuwezekana". Umepunguza dai kimyakimya, nimekuona.

#14 Mzee_wa_WAP
Ninyi mmezama kwenye vioo, hamtazami kilichokuwa cha kuonyesha. Turudi 2000. Simu ilikuwa inaonyesha nini? Majina, namba, ujumbe wa herufi 160, saa. Mapambo yake ni nembo ya mtandao kwenye Nokia, nukta 72 kwa 14, nyeusi tupu. Ukiingia WAP, ile intaneti ndogo ya simu za wakati huo, picha zake zilikuwa za muundo wa WBMP, ambao kila nukta ni biti moja: nyeusi au nyeupe, hakuna ya tatu. Ungenunua kioo cha rangi 256 ili uangalie WBMP?

Wajapani walipata rangi mapema kwa sababu i-mode ilishawapa kurasa za kuangalia. Kurasa zilianza Februari 1999, vioo vya rangi vikafuata. Mpangilio huo unaeleza kila kitu. Ulaya ilisubiri GPRS, na T68 ni simu ya GPRS. Hapo hakuna siri.

#15 Kikokotoo
@Mzee_wa_WAP acha nipige hesabu. Picha inayojaza kioo cha T68 ni 101 × 80, sawa na nukta 8,080. Rangi 256 ni baiti moja kwa nukta, kwa hiyo baiti 8,080, au biti 64,640. Data ya GSM kabla ya GPRS ilikuwa biti 9,600 kwa sekunde. Gawanya: sekunde saba kasoro. Na hapo hujaibana picha kwa GIF. Sekunde saba kwa picha nzima haziwezi kuwa sababu ya kuchelewesha teknolojia miaka kumi.

#16 Mzee_wa_WAP
Hesabu yako iko sawa, maisha yako ndiyo hayapo. Data ile ilikuwa inapigwa kama simu. Unabonyeza, inaita, inashikana, unasubiri, halafu unalipia kwa dakika hata ukiwa unasoma tu umetulia. Hizo sekunde saba unazihesabu kuanzia pale mteja alipokwisha kukata tamaa.

#17 mpita_njia
😂😂 "alipokwisha kukata tamaa". Niliishi hiyo.

#18 DadaPikseli
Naomba niingize jambo la rangi zenyewe, kwa sababu watu wanasema "256" kama vile ni nyingi.

Mpangilio uliozoeleka wa rangi 256 ni biti nane: tatu za nyekundu, tatu za kijani, mbili za bluu. Bluu ndiyo inayopunjwa kwa kuwa jicho haliitambui vizuri kama zile nyingine. Sasa angalia: nyekundu ina ngazi nane, kijani nane, bluu nne. Ngazi za nane na ngazi za nne zinakutana sehemu mbili tu, sifuri na kileleni. Maana yake hakuna kijivu safi. Weusi upo, weupe upo, na katikati kila kijivu kina doa la njano au la bluu. Ukichukua picha ya mtu, upande wa uso wenye kivuli unageuka viraka. Anga halishuki polepole kutoka bluu nzito kwenda nyepesi, linakatika mistari mistari.

Nilikuwa natengeneza picha za kuweka nyuma ya menyu. Kazi ilikuwa kukata picha iwe 101 kwa 80 kamili, kisha kuinyunyizia nukta za rangi mbili tofauti zilizochanganyika ili jicho lidanganyike na kuona rangi ya tatu. Katuni zilitoka safi, kwa sababu zina rangi chache na mipaka mikali. Picha za harusi zilikuwa msiba. Bibi harusi wa shela jeupe, sawa. Bwana harusi wa suti ya kijivu anatoka na suti ya rangi ya matope.

Kwa hiyo nionavyo mimi, kizuizi kilikuwa memori na prosesa. Wangeweza kuweka rangi mapema, lakini rangi chache zingewaaibisha, na rangi nyingi zinataka memori. Angalia walivyopanda: 256, halafu 4,096, halafu 65,536. Biti nane, kumi na mbili, kumi na sita. Hiyo ni ngazi ya memori kushuka bei, haina uhusiano na taa.

#19 Kikokotoo
Dada, kioo kizima cha T68 kwa rangi 4,096 ni baiti 12,120. Kilobaiti kumi na mbili! Game Boy Color ina memori ya picha ya kilobaiti 16, na ni ya watoto.

#20 DadaPikseli
Hiyo ni fremu moja tu. Picha za menyu unaziweka wapi? Za kioo kinapotulia? Za kitabu cha namba? T68 inakuruhusu kuweka picha kwenye jina la mtu. Zidisha mwenyewe, si unapenda kuzidisha.

#21 Yes_na_No
Nimefika nimechelewa, mimi ni mshabiki wa T68 damu damu. Mnaizungumzia kama maiti ya uchunguzi, hebu tuipe heshima yake.

Kwanza vitufe vya YES na NO, alama ya ukoo wa Ericsson. Pili, Oktoba 2001 Ericsson na Sony waliunganisha biashara ya simu, na 2002 ikaja T68i kwa jina la Sony Ericsson. Uzuri ni kwamba T68 ya zamani ilikuwa inabadilishwa programu tu na kupata mambo ya T68i, pamoja na MMS, ujumbe wenye picha. Wakati huo kupandisha simu daraja bila kununua nyingine kulikuwa jambo geni. Tatu, kamera ya kuchomeka kwa chini, CommuniCam, nukta 640 kwa 480. Picha kubwa kuliko kioo cha kuitazamia! Unapiga, unaona kijipicha, na undani wake unausubiri hadi ufike kwenye kompyuta.

Nne, Bluetooth. Apple walipoleta iSync 2002, programu ya kulinganisha majina na kalenda kati ya simu na kompyuta, T68i ilikuwa miongoni mwa simu zilizopokelewa. Niliwahi kufanya kazi sehemu ambayo jamaa mmoja alikuwa anasogeza kurasa za mada yake ukutani kwa kile kijiti cha T68 huku amekaa nyuma ya ukumbi. Watu walikuwa wanageuka kumtafuta mchawi.

#22 Antena_Nje
Bluetooth T39 ya Ericsson iliipata kabla, na R520 yao pia. Kioo kijivu, lakini Bluetooth ipo. T68 ilikuta njia imeshafyekwa.

#23 Yes_na_No
Sikusema ya kwanza kwa Bluetooth. Umezoea kusahihisha hata pasipo na kosa.

#24 msomaji_kimya
Swali la kando, samahani kwa kuingilia. Nina T68i yenye picha za zamani ndani, kamera hiyo ya kuchomeka ilizipiga. Nazitoaje?

#25 Yes_na_No
@msomaji_kimya zitume kwa Bluetooth moja moja kwenda kwenye kompyuta. Ikigoma kuoanishwa na kompyuta mpya, tafuta laptop ya zamani kidogo. Infraredi iache, utazeeka.

#26 msomaji_kimya
Asante sana mkuu.

#27 Moto_Albuquerque
Kuna sababu mmeiruka ambayo inaihusu Ericsson moja kwa moja. Tarehe 17 Machi 2000 radi ilisababisha moto mdogo kwenye kiwanda cha chipu cha Philips, Albuquerque, New Mexico. Moto ulizimwa baada ya dakika chache, lakini moshi na maji viliharibu vyumba visivyotakiwa kuwa hata na vumbi. Nokia walishtuka haraka wakasaka chipu kwingine. Ericsson walikuwa wameegemea hapo, wakakwama, na biashara yao ya simu ikaumia vibaya mwaka huo. Mwaka uliofuata ndipo wakaenda kuungana na Sony.

Sasa jiulize, kama si moto ule, kioo cha rangi cha Ericsson kingetoka lini?

#28 Kikokotoo
Hiyo inaeleza Ericsson. Nokia hawakuungua, mbona 3310 ya mwaka huohuo 2000 ilikuwa nukta 84 kwa 48, haina hata harufu ya rangi?

#29 Moto_Albuquerque
Aliyekuwa anaongoza mbio ana haraka gani? Mshindani wako ameanguka, wewe unauza kijivu na watu wanapanga foleni, ubadilishe kwa sababu ipi?

#30 Kitochi_Daima
Hapo #29 amegusa ninachokiamini mimi. Watu hawakuwa wanaitaka rangi. Mnatafuta kizuizi cha fundi wakati kizuizi kilikuwa mteja. Nokia 1100 ilitoka 2003, miaka miwili baada ya T68. Kioo si cha rangi, tochi juu. Imeuzwa zaidi ya milioni 250, hakuna simu ya rangi ya wakati huo inayoikaribia. Kama rangi ingekuwa kiu ya watu, 1100 ingedoda.

Na angalia Nokia walivyofanya kwenye 3510: simu ya kijivu, kioo nukta 96 kwa 65. Wakatoa 3510i, umbo lilelile, nukta zilezile 96 kwa 65, wakapaka rangi 4,096. Hiyo ni mapambo. Walikuwa wanapima kama kuna anayejali.

#31 Mzee_wa_WAP
3510i waliiongezea Java pia. Mapambo hayaji na Java. Java inaleta magemu ya kupakua, na magemu yanataka rangi. Umenisaidia hoja yangu ya #14 bila kukusudia.

#32 Kitochi_Daima
Wewe hata ukipewa jiwe utaona ndani yake kuna WAP.

#33 BiBatani
Na kuwa nyingi hakusemi kitu kuhusu kiu. 1100 ilikuwa rahisi na ngumu kufa. Mtu akichagua kitu cha uwezo wake haina maana hakukitamani kingine.

#34 FundiBisibisi
Nimerudi. Kuna sura ya pili ya kioo ambayo nikiiacha DadaPikseli atachukua ubingwa bure.

Kioo cha T68 ni cha aina ya STN. Hakina transista kwenye nukta. Mistari yake 80 inaamriwa mmoja mmoja kwa zamu, kila mstari unapata sehemu moja ya themanini ya muda, halafu unaachwa ukumbuke wenyewe mpaka zamu irudi. Fuwele ikiwa nyepesi kubadilika, inasahau mapema na picha inapauka. Ikiwa nzito, inakumbuka kupita kiasi, na ukisogeza menyu unaona kivuli cha picha iliyopita kinaburuzwa nyuma. Mhandisi anachagua ugonjwa mmoja kati ya hiyo miwili. Ndiyo maana kioo kile ukikiinamisha kidogo rangi zinageuka, na taa ikizimika unabaki unakodoa macho.

Dawa ni TFT, transista moja kwa kila kipande cha nukta. Kwa kioo cha 101 kwa 80 mara vipande vitatu ni transista 24,240, na moja ikifa mteja analiona doa maisha yake yote. Kwa laptop gharama hiyo inabebeka, kwa simu haikubebeka mapema. Samsung SGH-T100 ya 2002, TFT ya nukta 128 kwa 160, rangi 4,096, ukiiweka pembeni ya T68 unaona kabisa hizi si simu za zama moja, ingawa zimepishana mwaka tu.

Kwa hiyo naongeza: taa, na bei ya TFT.

#35 Kikokotoo
Palm IIIc, kompyuta ndogo ya mkononi, ilikuwa na TFT ya rangi 256, nukta 160 kwa 160, mwanzoni mwa 2000. Inashikika mkononi. Kwa hiyo ilibebeka.

#36 FundiBisibisi
Ilibebeka kwa mtu aliyekuwa tayari kubeba tofali na kulipia tofali. Simu ya mfukoni inatoka kwa mamilioni, kila kisenti cha kioo unakizidisha kwa mamilioni.

#37 Suti_na_Briefcase
Tofali la heshima mmelisahau: Nokia 9210 Communicator, 2001 hiyohiyo. Unaifungua kwa ubavu, ndani kioo cha nukta 640 kwa 200, rangi 4,096, mfumo wa Symbian, kibodi kamili. Nukta 128,000 dhidi ya 8,080 za T68. Kwa hiyo mwaka T68 inasifiwa, Nokia walikuwa na kioo chenye nukta karibu mara kumi na sita na rangi mara kumi na sita.

Na uzito wake gramu 244. Betri ilikuwa na mahali pa kukaa. Mleta uzi, nimekupa silaha hapo, itumie.

#38 Nukta256
@Suti_na_Briefcase nimeipokea kwa mikono miwili. Angalieni: Lynx ilikuwa na betri sita za AA, ikawa na rangi. 9210 gramu 244, ikawa na rangi kubwa. Laptop ina betri la kilo, ina rangi. T68 betri yake ni lithiamu polima ya mAh 700, kwa hiyo ikapata kioo kidogo cha STN ambacho taa yake inazimika upesi. Kila mahali ukubwa wa rangi unafuata ukubwa wa betri. Taa ya Fundi, TFT ya Fundi, memori ya Dada, vyote vinakula kutoka sahani moja.

#39 BiBatani
Game Boy Color. Betri mbili za AA. Tangu #11 unaipita kama humjui.

#40 Juani_Hapana
Mimi niseme kama mtumiaji. Simu yangu ya kwanza ya rangi, jina naliweka kando, ilikuwa na rangi hizo ndani ya nyumba tu. Nikitoka nje mchana, kioo kinakuwa kama bamba la bati. Nilikuwa najibu simu bila kujua ninayeongea naye, najifanya nimemtambua kwa sauti. Siku moja nikamchangamkia mtu dakika nzima kumbe ni mtu niliyekuwa namkimbia kwa ajili ya deni lake.

Ile ya kijivu niliyoiacha, juani ndipo ilipokuwa inasomeka vizuri zaidi. Kwa hiyo nakubaliana na Kitochi: wengine tulirudi nyuma kwa hiari. Niliichukua tena ya kijivu, ya rangi nikamwachia mdogo wangu apige gemu.

#41 mpita_njia
Deni ulilipa?

#42 Juani_Hapana
Hapa tunajadili vioo.

#43 DadaPikseli
@Nukta256 sahani moja ni kweli, lakini nani alikula kwanza? Simu inaposubiri, taa imezimika, kinachokula ni redio inayowasiliana na mnara. Rangi zinakula pale tu unapoitazama, na 2001 watu walikuwa hawaitazami simu saa nzima. Betri ya mAh 700 ingeweza kuvumilia taa ya sekunde kumi mara kadhaa kwa siku. Nokia 3310 ilikuwa na 900 na haikuwa na rangi ya kulisha. Kama kanuni yako ni sahihi, yenye betri kubwa ndiyo ingepewa rangi.

#44 Nukta256
3310 ni nikeli, gramu 133 kwa jumla. Linganisha uzito, usilinganishe mAh peke yake.

#45 DadaPikseli
Unahama goli sasa.

#46 Sanduku_la_Osaka
Na bado Wajapani wenye simu nyepesi walikuwa na rangi 256 tangu 1999, wakati mleta uzi anatuambia betri ilikuwa haijafika. Betri za Japani zilikuwa zinachajiwa na maombi?

#47 Laini_Mbili
Naona kila mtu anazungumza GSM na Japani, upande wa CDMA, mfumo mwingine wa mtandao wa simu, mmeutupa. Marekani walipata Sanyo SCP-5000 kwenye mtandao wa Sprint, kioo cha rangi, 2001 hiyohiyo. Haina uhusiano na GPRS, kwa hiyo #14 ina shimo. Haina uhusiano na moto wa Albuquerque, kwa hiyo #27 ina shimo. Na aliyeitengeneza ni Mjapani, kwa hiyo labda suala ni nani alikuwa karibu na viwanda vya vioo. Sharp, Sanyo, wote walikuwa wanatengeneza LCD zao wenyewe. Ericsson kioo alikuwa anakinunua.

#48 Mzee_wa_WAP
Sprint nao walikuwa na intaneti kwenye simu kabla ya hapo. Shimo halipo.

#49 Antena_Nje
@Laini_Mbili na Siemens S10 ilitoka kwa Mjerumani, 1998. Hiyo ya kuwa karibu na viwanda iko wapi?

#50 Laini_Mbili
Rangi nne, bwana. Soma #4.